Mama anakuja kutoka Tanga: je, tunaweza kulala hekaluni Koyasan?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti kutoka Tanga, nasoma shahada ya uzamili hapa Osaka. Mwishoni mwa Oktoba mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, atakuja kunitembelea, na ameniomba nimpeleke Koyasan, ule mlima wa mahekalu aliouona kwenye televisheni. Sisi ni Waislamu. Je, tunaruhusiwa kuingia na hata kulala hekaluni? Chakula chao tutakiweza? Goti la mama linamsumbua, je, atafika? Na je, siku moja inatosha?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na umfikishie mama yako salamu zangu. Nianze na jibu fupi ili moyo utulie: mnaruhusiwa kuingia, mnaruhusiwa kulala, chakula mtakiweza mkijipanga mapema, na goti halitamzuia mama kufika mahali palipo muhimu. Lakini siku moja haitoshi. Wanaokwenda asubuhi na kurudi jioni huona majengo, wakapiga picha, wakala, wakateremka. Saa zenye uzito kuliko zote mlimani, yaani zile za jioni baada ya mabasi ya watalii kuondoka na zile za asubuhi kabla hayajarudi, huwa ziko nje ya ratiba yao. Laleni usiku mmoja.

Kabla ya kusema habari za treni na vyumba, kuna jambo moja ambalo mgeni asipolijua ataona adabu zote za mlimani kuwa makatazo yasiyo na sababu. Koyasan ilianzishwa na mtawa aitwaye Kukai, aliyezaliwa mwaka 774 katika kisiwa cha Shikoku. Mwaka 804 alivuka bahari kwenda China, akasoma mjini Chang'an kwa mwalimu Huiguo, na aliporejea mwaka 806 alileta mafundisho ya Ubudha wa siri ambayo Wajapani huyaita Shingon, maana yake Neno la Kweli. Mwaka 816 Mfalme Saga alimpa eneo hilo la milimani, bonde lililo juu kiasi cha mita 800 kutoka usawa wa bahari, limezungukwa na vilele vinane ambavyo wenyewe huvifananisha na petali za ua la yungiyungi. Huko ndiko alikojenga, na huko ndiko mwaka 835 yalikomtokea yale ambayo mimi na wewe tungeyaita kufariki dunia. Wafuasi wake hawayaiti hivyo. Kwao, aliingia katika tafakuri ya kudumu, naye yu hai mpaka leo mahali paitwapo Okunoin, akimsubiri Budha ajaye, Miroku, na kuwaombea watu. Mwaka 921 alipewa jina la heshima la Kobo Daishi, na hilo la Daishi, yaani Mwalimu Mkuu, ndilo utakalolisikia vinywani mwa watu mlimani kote. Mara mbili kila siku, saa 12 asubuhi na saa 4:30 asubuhi, watawa humpelekea chakula.

Hatulazimiki kuamini hivyo, na hakuna mtu huko atakayetuuliza kama tunaamini. Lakini ukishajua kwamba wenyeji wako wanaishi na mwalimu wao kama mtu aliye chumba cha ndani, utaelewa mara moja kwa nini watu hushusha sauti, kwa nini hawapigi picha mahali fulani, na kwa nini mamia ya maelfu ya watu walitaka makaburi yao yawe jirani na pale alipo. Nitakuwa narudi hapo kila mara.

Sasa safari. Mtapanda treni ya Nankai kutoka kituo cha Namba hapo Osaka hadi Gokurakubashi, mwendo wa kama saa moja na nusu, ikitegemea treni mtakayoichagua. Ulizeni Namba kama kuna tiketi ya pamoja ya treni, gari la kebo na mabasi ya mlimani. Huwa inaokoa fedha na usumbufu. Sehemu ya mwisho ya reli ni kona tupu kandokando ya makorongo, na miti inakaribia madirisha kiasi cha kugusa. Gokurakubashi mtahamia gari la kebo linalopanda karibu mita 330 kwa dakika tano tu, kwenye mteremko mkali sana, kwa hiyo mwache mama awahi kukaa kabla halijaondoka. Juu mtapanda basi, na hapo hakuna hiari, kwa sababu barabara ile ya kuingia mjini ni ya mabasi tu na waenda kwa miguu hawaruhusiwi kuipita.

Basi likianza safari, kituo cha kwanza ni Nyonindo, yaani Ukumbi wa Wanawake. Wageni wengi hawashuki hapo. Nakusihi ushuke na mama yako, hata kwa dakika kumi. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wanawake walikatazwa kuingia Koyasan. Waliotoka mbali kuja kuhiji walikomea kwenye kumbi za namna hii zilizokuwa nje ya malango ya mlima, wakasali na kulala hapo, kisha wakazunguka ukingo wa bonde kwa njia za msituni, wakichungulia mapaa ya mahekalu kwa mbali. Kati ya kumbi hizo umebaki huu mmoja. Serikali iliondoa katazo hilo mwaka 1872, lakini mlimani kwenyewe mlango haukufunguka kikamilifu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Ni ukumbi mdogo wa mbao, hauna dhahabu wala fahari, na ndani una giza na harufu ya ubani. Kila nikiingia humo huwaza ni magoti mangapi yalipumzika kwenye sakafu ile baada ya safari ya wiki nzima, yakageuka na kurudi yalikotoka.

Hata mama yake Kukai hakuruhusiwa. Inasimuliwa kwamba alikuja kutoka Shikoku akiwa mzee ili amwone mwanawe, akazuiwa na katazo hilo hilo, akakaa chini ya mlima mahali palipo na hekalu la Jison-in leo. Mwanawe akawa anateremka kumwona mara tisa kwa mwezi, na ndiyo maana mji ule ukaitwa Kudoyama, yaani Mlima wa Mara Tisa. Njia ya kutoka Jison-in hadi katikati ya Koyasan bado ipo. Ina mawe ya alama 180, moja kila baada ya mita 109 hivi, yaliyosimikwa katika karne ya 13 badala ya nguzo za mbao za awali, na mahujaji wenye nguvu huitembea kwa siku nzima, karibu kilomita 20 za kupanda. Msiijaribu na goti hilo. Ila treni yenu itapita kituo cha Kudoyama, nawe umwonyeshe mama dirishani, umsimulie. Jison-in mpaka leo ni hekalu la wanawake wanaoomba uzazi salama, maziwa ya kunyonyeshea na uponyaji wa maradhi ya matiti. Huacha hapo vibao vyenye umbo la matiti vilivyoshonwa kwa kitambaa, na hakuna anayeona haya, kwa kuwa ni dua za kina mama mbele ya mama.

Kuhusu kulala: Koyasan ina mahekalu 117, na yapatayo 50 kati yake hupokea wageni katika nyumba za mahujaji ziitwazo shukubo. Hayachagui dini. Jambo la kuchunga ni muda. Mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba ndio wakati majani ya miti yanapogeuka mekundu huko juu, mapema kuliko Osaka, na vyumba huisha miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo andika sasa, na barua hiyo hiyo ibebe mahitaji yenu yote: mgeni mmoja ana goti bovu, wote wawili hamli nyama wala hamtumii kilevi cha aina yoyote hata cha kuungia chakula, na mngependa chumba chenye choo na, ikiwezekana, bafu lake. Ukisubiri kuyasema mlangoni utawaaibisha wenyeji wako, kwa sababu watawa hupika kwa idadi na kwa mpango, na hawapendi kumwambia mgeni hapana.

Mfike kabla ya saa 11 jioni. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kuwapeleka wageni, tukakosa treni Osaka, tukafika langoni saa 1:30 usiku. Chakula kilikuwa kimeandaliwa tangu saa 11:30 jioni, kimepoa juu ya meza ndogo za rangi nyekundu, na mtawa kijana wa zamu alikuwa amekaa mlangoni akitusubiri, naye hajala. Hakutulaumu hata kwa uso. Alitusaidia kubeba mizigo, akaenda kutupashia supu. Tangu siku ile hupanga safari ya Koyasan kuanzia saa ya chakula cha jioni, halafu nikahesabu kurudi nyuma.

Chakula chenyewe huitwa shojin ryori, na kwa sehemu kubwa kitawafaa kuliko chakula cha mgahawa wowote wa Osaka. Hakina nyama, samaki wala mayai. Hata vitunguu na vitunguu saumu havitumiwi, kwa kuwa huhesabiwa miongoni mwa vitu vikali vinavyochafua utulivu wa akili. Supu hupata ladha yake kutokana na mwani na uyoga uliokaushwa. Mtaletewa koyadofu, yaani tofu, mfano wa jibini itokanayo na soya, iliyogandishwa na kukaushwa, ufundi unaosemekana kugunduliwa na watawa walioacha tofu nje usiku wa baridi. Inanyonya mchuzi kama sifongo. Na mtaletewa gomadofu, ambayo licha ya jina lake haina soya ndani yake. Ni ufuta uliosagwa mpaka ukalainika kabisa, ukachanganywa na maji na wanga wa mzizi wa mmea utambaao uitwao kuzu, kisha ukakorogwa motoni bila kuachia mkono mpaka mchanganyiko ukashika. Mama yako akiiweka ulimini atajua bila kuambiwa: ni kazi ile ile ya kukoroga halua, mkono ule ule unaouma, isipokuwa hakuna sukari wala samli. Japani hununua karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazouza. Sitakuambia kwamba ufuta wa kwenye sahani yenu umetoka Lindi, lakini mwambie mama inawezekana.

Tahadhari ni moja. Mapishi ya Kijapani, hata ya hekaluni, hutumia mirin na sake, vyote vikiwa vileo vya mchele, ili kuleta utamu na kulainisha ladha. Na sosi ya soya huweza kuwa na kiasi kidogo cha kilevi kinachotokana na kuchachuka kwake. Kuna mahekalu yanayoweza kuacha mirin na sake mkiomba mapema. Habari ya sosi ya soya ni suala la kifiqhi. Muulize shekhe unayemwamini kabla ya safari. Msishangae pia mkiona mgeni wa chumba cha jirani ameletewa bia. Mahekalu mengi huuza, na watawa wa zamani waliita sake kwa jina la stara, hannyato, yaani maji ya moto ya hekima. Ninyi mtaletewa chai.

Chumbani mtakuta sakafu ya mikeka ya tatami. Viatu huachwa langoni, ndara za ndani huachwa kabla ya kukanyaga mkeka, na chooni kuna ndara zake ambazo hazitoki humo. Magodoro hutandikwa sakafuni mkiwa mnakula. Kulala chini mama hatalalamika, ila kuinuka asubuhi ndiko kunakomtesha mtu mwenye goti, kwa hiyo omba magodoro mawili ya kupandishana, na kiti cha kukalia wakati wa kula, kwa sababu meza zao ni fupi na watu hukaa kwa kukunja miguu. Mahekalu kadhaa sasa yana vyumba vyenye vitanda. Mabafu ya pamoja yametenganishwa wanaume na wanawake, lakini watu huoga uchi bila pazia kati yao. Mkishindwa kupata chumba chenye bafu, ulizeni kama kuna saa ambayo mnaweza kulitumia peke yenu.

Swala haina taabu. Mkeka ni safi, kibla kiko magharibi kikielemea kidogo kaskazini, na chumba ni kimya. Kwa majira hayo jua huzama muda mfupi baada ya saa 11 jioni, hivyo mtaswali Magharibi kabla ya chakula kuletwa, na alfajiri huingia kabla ya saa 11, mapema kabisa kuliko ibada ya wenyeji. Jihadharini tu na maji ya udhu yasidondoke kwenye tatami; beba taulo ndogo. Na beba nguo za joto za kutosha. Usiku wa mwishoni mwa Oktoba joto laweza kushuka hadi nyuzi 5 au chini yake, na kuta za karatasi na mbao hazizuii baridi kama unavyodhani.

Ibada ya asubuhi huanza saa 12 au 12:30. Hapa ndipo wengi wenye imani kama yetu huniuliza kwa wasiwasi, kwa hiyo nitasema wazi ninavyojua. Wageni hukaa nyuma, na mara nyingi kuna viti kwa wasioweza kupiga magoti. Hakuna anayelazimishwa kuinama wala kutamka lolote. Kuna wakati wageni hualikwa kusogea mbele mmoja mmoja na kudondosha chembe za ubani kwenye kaa la moto. Ukibaki umekaa kwa heshima, mikono mapajani, hakuna atakayekutazama vibaya. Na msipotaka kabisa kuingia, mwambieni mtawa usiku kwamba mtabaki chumbani. Mimi huingia na kukaa kimya. Ukumbi huwa na giza, taa za dhahabu zikining'inia chini mno, na sauti za watawa wawili watatu zinaanza polepole, kisha zinashikana, hata husikii tena nani anavuta pumzi na nani anaendelea. Mara linagongwa tasa la shaba, na mlio wake unakawia kufa.

Mchana wa siku ya kwanza, baada ya Nyonindo, nendeni Kongobuji, hekalu mama la Shingon ya Koyasan. Lilijengwa mwaka 1593 na mtawala Toyotomi Hideyoshi kwa kumbukumbu ya mama yake, likaunganishwa na jingine na kupewa jina la sasa mwaka 1869. Tazameni juu ya paa la magome ya mti kabla ya kuingia: kuna mapipa ya maji ya mvua, yaliyowekwa huko kwa ajili ya moto, adui mkubwa wa mlima huu, maana radi na moto vimeteketeza majengo yake tena na tena. Ndani kuna bustani ya mawe iitwayo Banryutei, yenye eneo la mita za mraba 2,340, ambapo mawe 140 ya matale kutoka Shikoku alikozaliwa Daishi yamepangwa juu ya changarawe nyeupe ya Kyoto, mfano wa majoka mawili, dume na jike, yakitokeza mawinguni. Ni ya mwaka 1984, na ni nzuri. Lakini mama yako, kama namjua mama wa Kitanga, atakaa zaidi jikoni. Kuna masufuria matatu makubwa ya kupikia wali wa watu wapatao 2,000, yamejengewa kwenye meko ya udongo, na juu yake kuta zimeiva kwa moshi. Mwache atazame. Anajua shughuli ni nini.

Dakika chache kutoka hapo ni Danjo Garan, uwanja ambao Kukai alianza kujenga. Mnara mwekundu wa Konpon Daito una urefu wa mita 48.5, huu uliopo umejengwa upya mwaka 1937. Ndani, Budha wa katikati ni Dainichi, Jua Kuu, amezungukwa na wenzake wanne na nguzo zilizochorwa, hata mtu aingiapo anakuwa amesimama ndani ya ramani ya ulimwengu jinsi Shingon inavyouelewa. Mbele kidogo kuna msonobari wenye hadithi: Kukai, akiwa bado pwani ya China, alirusha chombo chake cha ibada chenye ncha tatu kuelekea Japani ili kimwonyeshe mahali pa kujenga, na baadaye akakikuta kimenasa kwenye mti huu. Majani yake hutoka matatumatatu, na mtawakuta watu wazima wameinama chini wakitafuta jani lililodondoka. Mama asiiname.

Siku ya pili iwe ya Okunoin, na hapa ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo. Njia ya asili huanzia daraja la Ichinohashi na ina urefu wa kilomita mbili, ikipita kati ya mierezi ya Kijapani ya mamia ya miaka na makaburi na minara ya kumbukumbu inayozidi 200,000. Mwaka 2004 njia hii na nyingine za milima ya Kii ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mawe ya njia si sawasawa na kuna ngazi hapa na pale, kwa hiyo kwa mama nashauri mpande basi hadi kituo cha Okunoin-mae, ambako njia ni fupi zaidi, pana na tambarare. Wewe unaweza kuipita ile ndefu jioni iliyotangulia, baada ya chakula, wakati taa za mawe zinapowashwa. Usiende peke yako. Kuna matembezi ya usiku yanayoongozwa na watawa, na hekalu mtakalolala litakuelekeza.

Makaburi mengi yana umbo moja: mchemraba chini, mviringo juu yake, kisha piramidi, nusu mwezi, na tone lenye ncha. Ni ardhi, maji, moto, upepo na uwazi, vitu vitano ambavyo mwili hurejea kwake. Chini ya jiwe mara nyingi kuna nywele tu au kipande cha mfupa, kwa kuwa lililotakiwa ni kuwa karibu na Daishi siku Miroku atakapokuja, baada ya miaka 5,670,000,000 kwa hesabu yao. Ukaribu huo haukumnyima mtu. Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyeuandama mlima huu kwa majeshi mwaka 1581, ana kumbukumbu yake humo, na Akechi Mitsuhide, jemadari wake aliyemsaliti mwaka uliofuata anayo pia. Takeda Shingen na Uesugi Kenshin, mabwana wa vita waliopigana miaka mingi, wako humo wote wawili. Hata mchwa wana mnara wao, uliowekwa na chama cha wenye kazi ya kuwaangamiza, wenye maandishi ya kuwatakia walale kwa amani. Na mtaona vinyago vidogo vya mawe vilivyovalishwa vitambaa vyekundu shingoni, vingine na kofia za kufuma. Huyo ni Jizo, mlinzi wa watoto waliokufa, na vitambaa hivyo mara nyingi huletwa na wazazi waliofiwa. Mama akiuliza, mweleze kwa upole.

Mtapishana pia na watu waliovaa nyeupe, wana kofia pana za majani na fimbo yenye kengele. Wengi wao wametoka kuzunguka mahekalu 88 ya Shikoku, mwendo wa kama kilomita 1,200, na wamekuja kumshukuru Daishi kwa kuwafikisha. Kwenye vazi na kofia zao zimeandikwa herufi nne za Kijapani zisemazo kwamba wasafiri ni wawili: hujaji na Daishi mwenyewe, ambaye fimbo ile inasimama badala yake. Ndiyo sababu hujaji akifika nyumbani kwa mtu huiosha fimbo ncha yake kabla hajanawa miguu.

Kisha mtafika daraja la Gobyobashi. Lina mbao 36, na likihesabiwa lenyewe kwa ujumla linakuwa la 37, idadi ya miungu ya mandala yao, yaani ile ramani ya ulimwengu. Kuanzia hapo hakuna picha, hakuna kula wala kunywa, na kofia huvuliwa. Mtandio wa mama yako ni sitara, si kofia. Auvae kwa unadhifu na asiwe na hofu. Zima simu kabisa. Ng'ambo kuna ngazi chache. Mshike mkono, mpande polepole, hakuna anayewaharakisha. Juu ni Torodo, Ukumbi wa Taa, wenye taa nyingi zikining'inia dari nzima. Miongoni mwake kuna moja iitwayo taa ya mwanamke maskini. Inasimuliwa kwamba msichana yatima aliyelelewa na watu baki aliuza nywele zake ili anunue taa ya kuwarehemu walezi wake, na taa hiyo inasemekana haijazimika kwa karibu miaka elfu moja. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mwanamke, asingeruhusiwa kuileta kwa mikono yake. Msimulie mama kisa hicho mkiwa mmesimama hapo hapo, kwa sauti ya chini.

Mjipange kurudi upande huu wa daraja ifikapo saa 4:15, msimame kando ya njia. Saa 4:30 mtawa mmoja hutangulia, na nyuma yake wawili wenye kubeba sanduku jeupe la mbao kwenye mti wa begani. Kwanza husimama mbele ya kibanda kidogo cha Jizo mwonja chakula, kana kwamba wanamwomba ahakikishe chumvi. Halafu huvuka daraja, bila kuzungumza, kwa mwendo wa watu wanaojua kuwa chakula kinapoa. Mkishawaona wamepotelea kwenye miti, kituo cha basi kiko nyuma yenu, na treni ya Osaka mtaiwahi kabla ya saa 10 jioni bila haraka yoyote.